Mashine Iliyozima Mbele ya Wazee

Kwanza niseme wazi, maana bado wapo watu Sumbawanga wanaobinua midomo wakisikia jina langu: mimi sikuhujumu kitu. Mwaka ule wa themanini na nne neno mhujumu lilikuwa linazurura mitaani kama mbwa asiye na mwenyewe, na hakuna aliyejua litamng'ata nani. Mwaka mmoja nyuma walikamatwa wenye maduka, kwa kuficha sabuni na sukari. Mimi sikuwa na duka. Nilikuwa na kompyuta, tena si yangu, ya serikali.

Ilikuwa moja tu mkoa mzima. Ililetwa kwa lori ndani ya masanduku ya mbao, ikawekwa Idara ya Mipango, katika nyumba ya zamani ya wakoloni yenye sakafu ya mbao inayolia ukitembea. Mtaalamu mzungu, Bwana Henrik, alinifundisha miezi saba. Nilichaguliwa mimi, Tusajigwe Mbonile, binti wa mchungaji kutoka Rungwe, kwa sababu nilikuwa napiga taipu kwa haraka na hesabu zilikuwa hazinitishi. Alinieleza kwamba akili ya mashine ile inaitwa Yuniksi, na kwamba Yuniksi haichoki wala haisahau. Mwezi wa nane akaenda kwao likizo, akaniachia vitabu vinne vinene na ufunguo wa chumba. Mwezi wa tisa mashine ikaanza vituko.

Kituko chenyewe kilikuwa hivi. Nimekaa, naingiza majina ya vijiji na mifuko ya mbolea kila kijiji kilichoomba. Ghafla kioo kinakuwa cheusi. Kabla sijavuta pumzi mashine inanguruma, inaamka yenyewe, inaandika mistari yake ya kujitambulisha kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana, halafu inaanza kujikagua ndani. Ukaguzi huo ulichukua saa nzima. Ukiisha, kazi yote niliyoingiza tangu asubuhi haipo. Sijagusa kitu. Ilizima na kuwaka yenyewe mara kumi na nne kati ya Septemba na katikati ya Oktoba, na kila mara ilikula siku yangu.

Mvua za Ufipa hazimsubiri mtu. Mwezi wa kumi na moja zinaanza, na mbolea isiyofika kabla ya hapo barabara ya Mwazye haiioni tena mpaka mwakani. Malori yalikuwa yamepangwa, mifuko ilikuwa ghalani, kilichokosekana ni orodha. Na orodha ilikuwa ndani ya mashine, na mashine ilikuwa mikononi mwangu. Kwa hiyo ukitafuta mtu wa kulaumiwa hukuhitaji kwenda mbali.

Mkuu wangu wa idara, Mzee Eustaki, alikuwa Mfipa mpole asiyeamini kitu mpaka akione. "Binti," aliniambia, "tafuta chanzo. Mimi nitawazuia kadiri nitakavyoweza, lakini siwezi kuwazuia milele."

Nilitafuta. Nilianza na vitabu. Bwana Henrik alikuwa ameipangia mashine orodha ya kazi za kujifanyia yenyewe kwa saa, na mojawapo ilikuwa kujizima na kujiwasha kila Jumapili, watu wakiwa kanisani. Nikasema nimekupata. Nikaifuta kazi hiyo, nikalala usingizi wa kwanza mzuri baada ya wiki mbili. Jumatatu saa nne, mwenyekiti wa kijiji cha Mpui akiwa amesimama mbele yangu anasubiri kuonyeshwa jina la kijiji chake, kioo kikawa cheusi. Mzee wa watu akaniuliza kwa upole Mpui wamekosa nini.

Nikadhani ni joto. Nikafungua madirisha, upepo wa Oktoba ukaniletea vumbi la nusu ya wilaya, nikayafunga. Nikadhani ni vumbi. Nikafuta mashine kwa kitambaa mpaka ikang'aa. Haikusaidia kitu.

Mwisho nikamwita Lukmani, fundi umeme, kijana wa ukoo wenye malori pale mjini, aliyekuwa na mdomo wa utani na mikono ya daktari. Aliingia na kifaa chake cha kupimia, akafunga mlango, akakaa na mimi siku mbili nzima bila kumruhusu mtu kuingia. Mashine ilitulia kama mtoto anayejua kuna mgeni. Kwenye ukuta wa pili akachomeka taa ya mezani. "Dada Tusa," akasema, "umeme ukikatika hata kwa kufumba na kufumbua, hii taa itapepesa. Wewe itazame tu." Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Akaenda kuswali. Akaingia mwenyekiti wa Ilemba, mzee mrefu, akipiga makofi taratibu kama Wafipa wanavyosalimia. Nikamsalimia, na mashine ikazima. Taa ya Lukmani haikupepesa hata kidogo.

Lukmani ni mtu mkweli, na ukweli wake nusura unimalize. Aliandika ripoti ya mstari mmoja: umeme hauna kosa.

Ripoti ile ilimfikia Katibu Adolfu. Huyu alikuwa mtu wa Chama, mzee mfupi mwenye miwani mizito, asiyepandisha sauti. Aliniita ofisini kwake Jumatatu. Mzee Eustaki alikuwepo, anatazama viatu vyake.

"Ndugu Tusajigwe," Katibu akasema, "fundi akiwepo, mashine haizimi. Fundi akitoka, inazima. Sasa anabaki nani?"

"Ninabaki mimi, Ndugu Katibu."

"Tena nimeambiwa hupenda kuzima anapoingia kiongozi. Nilipokuja mimi ilizima. Alipokuja mwenyekiti wa Mpui ilizima. Hiyo ni bahati mbaya, au ni siasa?"

Nilimgeukia Mzee Eustaki; bado alikuwa anatazama viatu vyake.

"Alhamisi saa tatu," Katibu akaendelea, "nitakuja na kamati. Orodha itachapwa mbele ya macho yetu tangu kijiji cha kwanza hadi cha mwisho. Ikizima, mashine inarudi kwenye masanduku, mbolea tunaigawa kwa kukisia, na wewe utajieleza polisi. Ukitaka kuandika kwa ndugu zako, andika."

Aliyasema hayo bila chuki, na ndiyo maana niliogopa. Nilirudi chumbani, nikafunga mlango. Nililiona jina la baba yangu likisomwa mahakamani. Mchungaji Mbonile wa Kanisa la Moraviani, aliyewabatiza watu wa milima mitatu, bintiye mhujumu. Barua nilikuwa nimekwisha kumwandikia wiki moja kabla, kwa mkono wa dereva wa lori la kina Lukmani: Baba, niombee, wanasema ninaharibu mali ya umma. Nilikuwa najuta kuituma. Unamwandikia mzee wa miaka sabini na mbili jambo kama hilo ili iweje?

Siku tatu sikula kitu cha maana. Niliingiza vijiji vyote upya, mia mbili na kitu, mlango umefungwa, naogopa hata kukohoa. Kila baada ya kijiji kimoja nilikuwa nakitazama kioo. Jumatano jioni orodha ilikuwa kamili, na mashine haikuwa imezima hata mara moja. Hilo halikunifariji. Lilinitisha zaidi, kwa sababu sikujua kwa nini imekuwa njema.

Alhamisi nilifika saa moja asubuhi. Nilikuwa na saa mbili za kukaa na hofu yangu, na kwa kuwa mikono haikutulia nikaipa kazi. Mashine ina tabia moja: kila inapoamka huandika mahali saa iliyoamka. Nikazinakili saa zote kumi na nne kwenye karatasi. Halafu, sijui nani alinituma, nikavuta kitabu cha wageni. Mzee Eustaki alikuwa ameagiza kila anayeingia chumba cha mashine aandike jina na saa, kwa kuwa siri za serikali zilikuwa mle. Nikaweka karatasi kando ya kitabu, nikateremka mstari kwa mstari.

Kila mashine ilipozima, dakika moja au mbili kabla yake palikuwa na mgeni. Kila mara. Katibu alikuwa na haki, basi.

Lakini si kila mgeni. Bwana Sadoki wa Kilimo, mkubwa mwenye gari lake, aliingia mara tano na mashine haikutikisika. Margareth wa masjala aliingia kila siku. Lukmani, siku mbili. Halafu nikakuta jina ambalo nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe: Bibi Dominika, hajui kusoma, anamtafuta mjukuu wake. Mashine ilizima dakika ile ile. Bibi yule hakuwa kiongozi wa kitu chochote duniani. Alikuwa amepotea mlango tu.

Nikakaa, nikajiuliza: Mpui, Ilemba, Katibu, Bibi Dominika, wana nini ambacho Sadoki na gari lake hana? Wana mvi. Na mimi mtu mwenye mvi akiingia hufanya nini? Mama yangu alinifundisha kabla sijajua kuhesabu. Nasogeza kiti, nashuka, napiga magoti pale kando ya meza, nasema shikamoo. Wenzangu wa mjini walikuwa wananicheka, wananiambia dada, hii ni ofisi. Kati ya wenye mvi, Mzee Eustaki tu ndiye hakuwahi kuiona mashine ikizima, kwa kuwa yeye nilikuwa nampigia magoti barazani kila asubuhi kabla sijafungua mlango.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu kilikuwa magotini.

Sikujua kwa nini. Niseme ukweli, sikujua kabisa. Huenda ni kuinuka kwenye kiti, huenda ni hatua moja ya pembeni, huenda ni magoti yenyewe. Kujaribu nisingeweza: ikizima, ukaguzi ni saa nzima na orodha ya jana inaweza kuliwa, na kamati inafika baada ya robo saa. Kumwambia mtu nisingeweza vile vile. Nimwambie Katibu Adolfu kwamba mashine ya serikali inazimishwa na heshima? Angeniongezea kosa la pili.

Nikaamua hivi. Nitawapokea wote barazani, nitapiga magoti huko huko vumbini hata mara kumi, kisha nitaingia, nitakaa kwenye kiti, na sitainuka mpaka kijiji cha mwisho kiwe kimechapwa. Hata nyumba ikiwaka moto.

Ilikwenda vizuri. Walifika watano, Katibu mbele. Niliwasalimia wote barazani kwa magoti, Katibu akaitikia marahaba huku akitazama saa yake. Tukaingia. Kiti kilikuwa kimoja, changu, kwa hiyo wao wakasimama kunizunguka, pamoja na Mzee Eustaki na Lukmani. Nikabonyeza. Printa ikaanza kukereza, mstari, mstari, karatasi ndefu ikiteremka sakafuni. Chala. Ilemba. Nilikuwa nahesabu kwa pumzi. Jasho lilinitiririka mgongoni na baridi ya asubuhi ilikuwa bado haijaondoka. Kaengesa. Katibu aliinama, akasoma, akanung'unika kitu kama kuridhika.

Mlango ukafunguliwa bila hodi.

Alikuwa amevaa koti lake refu la ibada, limejaa vumbi jekundu mpaka mabegani, kofia mkononi. Nilimtambua kabla sijaamini. Kutoka Rungwe hadi Sumbawanga, juu ya shehena ya lori, siku mbili, mzee yule ambaye kwa kawaida hata kwenda Tukuyu mjini hulalamika.

"Mzee, unamtafuta nani?" Katibu akauliza.

"Namtafuta mwanangu," baba akasema.

Kisha akaniona, akasimama pale mlangoni akingoja. Hakuwa anadai kitu. Alikuwa anangoja jambo ambalo nimemfanyia kila siku ya maisha yangu, tangu nikiwa na meno ya utotoni, kama mtu anavyongoja jua lichomoze. Watu wote wakageuka kunitazama mimi. Printa ilikuwa inaandika Laela.

Magoti yangu yalitaka kwenda yenyewe. Niliyashika kwa mikono chini ya meza. Nikasema kutoka kitini, "Shikamoo, tata," yaani baba, kwa lugha ya kwetu.

Hakuitika. Alidhani labda sijamaliza. Printa ikaandika Matai, ikaanza Mpui. Niliwaza kumwambia, baba ngoja, ni dakika ishirini tu. Lakini ningeanzia wapi, mbele ya watu wale? Kila neno lingeonekana la mwendawazimu au la mwongo. Nikabaki nimekaa, nimemkodolea macho, na nilimwona akielewa kwamba sitashuka. Uso wake haukukasirika. Ulichoka tu, ghafla, kana kwamba safari yote ya siku mbili ilimfikia sasa.

"Marahaba," akasema taratibu. Akavaa kofia, akageuka, akatoka.

"Hata baba yako mzazi, Ndugu?" Katibu akasema. Kisha akamgeukia Mzee Eustaki, wala hakunong'ona: "Asiyemheshimu baba yake ataiheshimu nchi?"

Nililia nikiwa nimeutazama ukuta, bila sauti, bila kuinua mkono kujifuta, kwa kuwa hata mkono niliuogopa. Mtowisa. Muze. Mwazye. Niliichukia mashine ile kama mtu anavyomchukia mwenzake. Namanyere. Dakika ishirini ni ndefu kuliko wanavyosema. Mwishoni kabisa ikaandika Zimba, ikapiga mstari wa chini, ikanyamaza.

Katibu akaiokota karatasi, akaikunjua kwa urefu wake, akaipitisha kwa wenzake. Ndipo nilipoinuka.

"Lukmani," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyokusudia, "piga magoti hapa."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akatania, lakini aliona uso wangu akaacha. Akapiga magoti katikati ya chumba. Mashine ikaendelea kuwaka. "Si hapo. Karibu na ukuta, kando ya kiti." Akasogea, akashusha goti moja, kisha la pili. Kioo kikawa cheusi. Mashine ikanguruma, ikaanza kuamka.

Lukmani akaugonga ubao kwa kidole pale pale chini. Kisha akachukua bisibisi, akaingiza ncha kwenye ufa wa sakafu, akainua ubao. Chini yake waya wa mashine ulikuwa umepigiliwa msumari kwenye ubao wenyewe, umeungwa kwa utepe. Pale hapakuwa njia ya watu, ndiyo maana aliyetembea hakuukanyaga. Magoti mawili yakitua kwenye ncha ile ya ubao, unabonyea, kiungo kinaachia kidogo, kinashika tena. Taa ya mezani ilikuwa kwenye waya wa ukuta mwingine, ingepepesaje?

"Mimi sijaona," akasema Mzee Eustaki. "Rudisha ubao." Akavua kofia, akashika ukingo wa meza, na mkuu mzima wa idara akapiga magoti mbele ya kamati. Mashine, ambayo ilikuwa ndiyo kwanza inafungua macho, ikazima tena. Akatikisa kichwa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Binti, kwa hiyo ulikuwa unatuheshimu."

Katibu Adolfu alikunja orodha, akaitia kwenye jalada. Hakuomba radhi, na mimi sikuingoja. Alisema tu, "Malori yapakie leo," akatoka na wenzake. Polisi haikutajwa tena, siku ile wala baadaye.

Nami nikatoka mbio. Barazani hapakuwa na mtu. Nilimtafuta kituo cha malori, nikaambiwa lori la kurudi Mbeya linaondoka kesho. Nilimkuta mchana, nyumbani kwa muumini mmoja wa Moraviani, uani, amekaa kwenye kigoda na viatu amevivua. Nilipiga magoti pale kwenye udongo na kuinama mpaka paji la uso likagusa, nikamweleza yote, ubao, waya, kitabu cha wageni, Bibi Dominika. Nilikuwa nalia na kueleza kwa pamoja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo ya ubao sijayaelewa," akasema.

"Nisamehe, tata."

"Nilikasirika. Siwezi kukudanganya." Akaisugua miguu yake kidogo. "Lakini mwanangu, unajua nilikuja kufanya nini mle ndani?"

Sikujua. Nilidhani amekuja kuniombea kwa Mungu.

"Nilikuja kuwapigia magoti wale watu. Tangu Tunduma huko nilikuwa najizoeza maneno, juu ya magunia. Sijawahi kumpigia binadamu magoti tangu nibatizwe, nikasema kwa ajili ya Tusajigwe nitapiga. Nikafungua mlango nimejiandaa. Nikakuta wao wote wamesimama, na wewe peke yako umekaa. Nikajiuliza, sasa nimpigie nani?"

Aliniwekea mkono kichwani, mzito, wenye vumbi.

"Na ni heri," akasema. "Magoti haya siku hizi nikishuka siinuki. Wangeniinua wao."